Kutoka chumbani hadi kwa Mangi: mwongozo kamili wa kumzoesha kuongea na watu tena ndugu aliyeugua akili

Kila mwezi, kwenye benchi la kliniki nikisubiri mdogo wangu achomwe sindano, nasikia kisa kilekile kutoka kwa ndugu wengine. Dawa anameza. Sauti za kichwani zimepungua, usiku analala. Lakini hatoki. Akitumwa chumvi anarudi mikono mitupu, au anasimama mbele ya duka hadi watoto wanaanza kucheka. Familia inamsema, inamhubiria, halafu inamburuza kwenye shughuli "akachangamke". Anatoroka kabla wali haujapakuliwa, na kesho yake kila mtu amekata tamaa.

Kwetu Mbagala tulifanya hayohayo. Tulimpeleka mdogo wangu kwenye sherehe ya jirani, maspika yamepangwa hadi barabarani. Alidumu dakika kumi. Tulimkuta amejifungia chooni kwa watu.

Kosa letu sote ni moja: tunaeleza badala ya kufanya mazoezi. Hakuna aliyejua kusukuma chapati kwa kusikiliza mawaidha. Kuongea na muuza duka nako ni ujuzi, ugonjwa ukiuvuruga inabidi mikono na mdomo virudishwe darasani.

Wataalamu wanayaita mafunzo ya stadi za kijamii, na yametumika kwa watu wenye skizofrenia na magonjwa mengine ya saikosisi, yaani yanayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, tangu miaka ya 1970. Hapa nimeyapunguza yaingie kwenye chumba kimoja na kibaraza. Hayachukui nafasi ya dawa, yanakwenda nazo.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu. Liwe la kazi hii tu.
- Paketi na makopo matupu ya vitu vya dukani. Wiki nzima usitupe boksi la majani ya chai wala la kiberiti.
- Pesa halisi: noti ya 2,000, noti ya 1,000, na sarafu za 100, 200 na 500. Vipande vya karatasi havifai, maana kuhesabu chenji ni sehemu ya somo.
- Stuli ya kuwa kaunta. Duka la Mangi, muuza duka wetu wa mtaani, lina nondo dirishani, kwa hiyo tuligeuza kiti cha plastiki, mgongo ukawa nondo. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini ilisaidia kuliko nilivyotarajia.
- Watu wawili: mmoja wa kufundisha, mmoja wa kuigiza. Wasizidi hapo. Chagua wasio wepesi wa hasira wala machozi. Mama yetu tulimwomba akae uani.
- Dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa wiki, saa ileile, televisheni imezimwa. Kama dawa zinamlevya asubuhi, fanyeni alasiri.

## Usianze kama bado hajatulia

Sauti si lazima ziwe zimekwisha kabisa. Kipimo changu ni hiki: anaweza kukaa na wewe dakika kumi, ukamuuliza jambo akajibu hilo hilo? Basi anza. Kama halali usiku, anagombana na watu usiowaona, au anakataa chakula akiamini kina sumu, rudini kliniki kwanza.

Kuna jambo lilitupotezea miezi. Mdogo wangu alikuwa hatabasamu, anatembea mikono imekakamaa, na akikaa miguu haitulii. Tukamwona ana kiburi. Kumbe ni dawa. Dawa kama haloperidol zinaweza kukaza misuli, kuleta mtetemeko au kumfanya mtu ashindwe kutulia. Mweleze daktari, maana dozi inaweza kurekebishwa au ikaongezwa dawa ya kutuliza hali hiyo. Usipunguze vidonge mwenyewe.

Lingine ni la ugonjwa wenyewe: unakausha hamu. Mtu hana ari ya kuoga, ya kuongea, hata ya kucheka. Dawa hupambana vizuri na sauti kuliko zinavyopambana na ukavu huu. Usiuite uvivu, kwa sababu ndiyo maana hasa ya mazoezi haya.

## Hatua ya 1: Achague yeye, kitu kimoja, kidogo

"Kujichanganya na watu" si kitu kimoja. "Kununua betri mbili kwa Mangi" ni kitu kimoja.

Usimuulize anataka kubadilika nini. Muulize: "Kitu gani ungependa ukinunue mwenyewe, bila kumtuma mtoto?" Mdogo wangu alifikiri muda mrefu, akasema betri za redio. Alitaka kusikiliza mechi ya Simba na Yanga chumbani kwake, peke yake. Mimi nilikuwa nimepanga tuanze na unga. Unga wangu ungetufelisha, kwa sababu hamu ya unga ilikuwa yangu.

Umefaulu ukiona: anaweza kukutajia kwa maneno yake mnajifunza nini na kwa ajili ya nini.

## Hatua ya 2: Kikate vipande, uviandike

Sisi tuliandika hivi:

1. Simama mbele ya dirisha, mtazame Mangi.
2. Msalimie, subiri aitikie.
3. Taja kitu na idadi.
4. Toa pesa, subiri.
5. Hesabu chenji, sema asante, ondoka.

Visizidi vitano. Magonjwa haya huvuruga umakini na kumbukumbu. Maelekezo marefu yanamwagika njiani, na mtu anabaki amesimama kama mdogo wangu alivyokuwa akisimama.

Kwenye kipande cha kwanza, usimlazimishe kukodoa macho. Akitazama paji la uso au mikono ya Mangi inatosha.

Salamu inataka akili zaidi. "Mambo vipi" ina majibu mengi, kila kijana ana lake, na mgonjwa anakwama akitafuta la kurudisha. "Shikamoo" jibu lake ni moja tu. Kama muuzaji amemzidi umri, anza na shikamoo. Kama ni rika lake, chagueni salamu moja na jibu moja, mkomae na hizo.

Umefaulu ukiona: anasoma vipande vitano kwa sauti, kisha anavitaja vitatu bila kutazama daftari.

## Hatua ya 3: Wewe onyesha, yeye atazame

Wewe ni mteja, msaidizi ni Mangi, yeye ameshika daftari na anaweka tiki kila kipande kinapopita. Isizidi dakika moja. Ongea kama unavyoongea siku zote, usiigize kama vichekesho vya televisheni.

Rudia mara ya pili, na safari hii ukosee makusudi: tazama chini, nong'ona, ondoka bila chenji. Mwache akukamate. Kwa miezi mingi yeye ndiye aliyekuwa anakosolewa nyumba nzima. Mpe dakika moja ya kukukosoa wewe, utaona mgongo unanyooka.

## Hatua ya 4: Zamu yake

Siku yetu ya kwanza ilikwenda hivi, msaidizi akiwa nyuma ya kiti cha plastiki:

— Shikamoo, Mangi.
— Marahaba. Nikupe nini?
— (Kimya.)
— (Kimya bado. Nilihesabu moyoni hadi nane.)
— Betri.
— Ngapi?
— Mbili. Za redio.

Hapo kwenye kimya ndipo familia nyingi zinapoharibu. Tunaingilia: "Sema betri! Si ulisema betri?" Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Maneno yanakuja, ila yanakuja kwa miguu. Zikifika kumi na bado yupo kimya, mwonyeshe kwa kidole kipande cha tatu kwenye daftari. Usimsemee.

Akikataa kabisa kuigiza, badilisheni: yeye awe Mangi, wewe mteja. Mdogo wangu alikataa siku mbili. Siku ya tatu akakubali kukaa dukani. Nikampa 2,000, akanitazama akasema, "Chenji sina, chukua pipi." Nilicheka hadi mama akachungulia kutoka uani. Baada ya hapo alikubali kuwa mteja.

Umefaulu ukiona: amepita vipande vyote, hata kama polepole, hata kama kwa sauti ya chini.

## Hatua ya 5: Sifa kwanza, kisha sahihisho moja tu

Akimaliza, taja kitu halisi alichofanya vizuri. "Safi sana" haina kitu ndani yake. "Salamu yako nimeisikia kutoka huku mlangoni" ina kitu, maana anajua arudie nini.

Kisha sahihisho moja, na liwe la kufanya: "Safari hii subiri aweke chenji mkononi ndiyo ugeuke." Usiseme, "Mbona unakimbia kama mwizi?" Hata ukiona makosa manne, chagua moja. Matatu yatangoja kesho.

Hili la lugha si adabu tu. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 1976 uliwaangalia wagonjwa wa skizofrenia waliorudi majumbani. Waliorudi kwenye nyumba za lawama, uhasama na kuingiliwa kupita kiasi walirudiwa na ugonjwa zaidi, hasa waliokaa na ndugu hao uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki. Na kuingiliwa si kwa ukali peke yake. Kumfulia, kumsemea, kumkatia nyama kama mtoto, vyote vimo. Mimi nilikuwa wa kundi hilo la pili, na nilijiona mwema.

Rudieni zoezi mara mbili au tatu, kisha acheni wakati bado linakwenda vizuri. Usingoje achoke.

## Hatua ya 6: Ingiza mikosi

Hatua hii watu huiruka, ndiyo maana mtu hodari chumbani anazama mtaani. Duka la kweli halifuati daftari. Chukueni mkosi mmoja kwa siku, na kila mkosi uwe na sentensi yake tayari:

- "Kubwa au ndogo?" Sisi tulisahau hili, na ndilo lililomkwamisha safari ya kwanza. Dawa yake: aende na betri iliyokwisha mfukoni, aitoe aseme, "Kama hii."
- "Zimeisha." "Haya, asante." Kisha nyumbani. Kurudi bila betri hapo ni kufaulu, mwambie mapema.
- Mteja mwingine anadandia. Subiri amalize, kisha, "Mangi, na mimi." Sauti iongezeke kidogo.
- "Chenji hakuna." "Basi nitapitia baadaye," au achukue kitu kingine mlichokubaliana. Asiachiwe aamue pale pale.
- Mtu wa kijiweni anapaza sauti, "Oyaa, chizi karudi!" Hajibu. Hasimami. Anamalizia kipande alichokuwepo, anarudi, anatusimulia.

Huo wa mwisho tuliuigiza pia. Msaidizi wetu, binamu, alishindwa kulitamka neno mara ya kwanza, akaomba maji. Mdogo wangu ndiye aliyemwambia, "Sema tu. Nalisikia kila siku."

Je, sauti zikianza akiwa katikati ya duka? Mkubaliane jambo dogo la mwili: abane betri mkononi, aitazame, aseme kipande kinachofuata. Wengine huguna wimbo kidogo, wengine huweka spika ya simu sikioni. Muulize yeye kinachompunguzia, mara nyingi ana mbinu ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Umefaulu ukiona: mkosi unapita na anarudi kwenye vipande vyake bila kukutazama umwokoe.

## Hatua ya 7: Nendeni mtaani, ujiondoe polepole

Chagua saa ya duka tupu: saa nne asubuhi au saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili jioni, watu wanashuka kwenye daladala na kila mmoja anataka mafuta na nyanya, usijaribu.

Kama mnataka kumwambia Mangi, muombe ruhusa ndugu yako kwanza. Na usiseme "ni mgonjwa." Nilisema, "Mdogo wangu huchukua muda kujibu, ukimngoja kidogo anasema mwenyewe." Mangi akasema wateja wa namna hiyo anao wengi, na wengine hawajaugua chochote.

Safari za kwanza simama naye bega kwa bega, ukiwa kimya. Zinazofuata simama ng'ambo ya barabara. Kisha baki kwenye kona, kisha getini, kisha nyumbani. Usisogee nyuma mpaka afanikiwe mara mbili akiwa umbali huohuo.

Onyo: akirudi mikono mitupu, usifungue kesi mbele ya watu. Ingieni ndani, fungua daftari, uliza, "Ulikwamia kipande cha ngapi?" Hicho ndicho cha kuigiza kesho.

Umefaulu ukiona: kitu kimenunuliwa, chenji imefika, mtu amerudi. Uso wenye furaha usiudai. Huenda ukaja miezi mingi baadaye.

## Hatua ya 8: Andikeni

Tarehe, alichofanya, kipande kilichokwama. Mistari miwili inatosha, na aandike yeye akiweza. Siku ya kliniki nendeni nalo. Daktari mwenye foleni ndefu atapata picha kwa haraka kuliko kwenye "anaendelea vizuri" yetu ya kila mwezi.

## Lini usimamishe kila kitu

Mazoezi yakimzidi, dalili hupanda. Simamisha, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kama amekesha usiku mbili mfululizo, ameacha dawa na anaanza kusema anafuatwa, sauti zinamwamuru aumie au aumize, au anazungumzia kufa. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma hizo.

Mkiwa huko, ulizeni pia kuhusu tiba kwa vitendo, yaani ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku, na vikundi vya familia. Dar es Salaam na Mbeya zilishafanyiwa majaribio ya vikundi vya wagonjwa na ndugu zao pamoja, mradi ulioitwa KUPAA, kwa hiyo si jambo geni hapa kwetu.

## Baada ya duka: ujuzi unaofuata

Mpango ni uleule: vipande, kuonyesha, kuigiza, sifa, mikosi, mtaani. Nitataja tu penye miiba.

Daladala. Tatizo ni sauti. Fanyeni mazoezi ya "Shusha!" redio ikiwa juu kabisa. Akae karibu na mlango, aseme kabla ya kituo, si kituoni. Kwa anayepita njia ya Kimara, mwendokasi ni rahisi kuanzia kwa sababu hakuna konda wa kupigiwa kelele.

Kukataa bangi. Atapewa, tena na marafiki wa zamani, kwa nia njema. Bangi inaweza kumrudishia ugonjwa. Sentensi iwe fupi: "Hapana, mwanangu, dawa zangu haziendani nayo." Na miguu iwe inatembea wakati anasema. Akisimama kueleza, ameshakaa kijiweni.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Hadaiwi faili lake na mtu yeyote. "Niliumwa, sasa naendelea vizuri. Na wewe?" Hiyo "na wewe" ndiyo ya kukazania mazoezini, kwa sababu humfanya muulizaji aanze kujisimulia yeye, na watu wa Dar wakianza kujisimulia hawaachi.

Msibani. Anaweza kwenda kabla ya sherehe yoyote, na wengi hawalijui hili. Msibani hakuna anayemdai mtu achangamke. Kipande cha kwanza ni "poleni," cha pili ni kukaa kwenye mkeka na wanaume wengine, cha tatu ni kuaga. Nusu saa inatosha, na ukimya wake hapo ni heshima.

Kusema kilichomuudhi. Hiki ni kigumu kuliko vyote, na tunakiacha mwisho kwa sababu watakaoambiwa ni sisi. Vipande ni vitatu: ulichofanya, nilivyojisikia, ninachoomba. Mliigize kwa mambo madogo, kama mtu aliyezima feni. Na familia ijifunze upande wake: kusikiliza hadi mwisho, bila "lakini."

Tulikiigiza wiki mbili, nikadhani hakijaingia. Jumapili moja wageni wamekaa sebuleni, mimi namwaga vidonge mkononi mwake kama kawaida, nikihesabu kwa sauti. Akafunga kiganja.

"Dada, ukinihesabia vidonge mbele ya wageni najisikia vibaya. Naomba uniite chumbani."

Siku hiyo hatukuwa na zoezi. Nikabeba glasi ya maji, nikamfuata chumbani.